Daltoni 78 zilizozidi: sisplatini, lisozimu na kiyeyushi kilichojipenyeza

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika maabara ya kemia ya chuo kikuu kimoja. Jina la chuo, nchi, wahusika na muundo kamili wa kampaundi mpya iliyokuwa ikichunguzwa vimeondolewa. Sisplatini imebaki kwa jina lake, maana ni dawa ya wote: ilitengenezwa mara ya kwanza na Michele Peyrone katika karne ya 19, uwezo wake wa kuzuia seli kugawanyika ukaonekana mwaka 1965 katika kazi ya Barnett Rosenberg huko Michigan, na Marekani ikairuhusu kutibu saratani mwaka 1978.

Mwanafunzi wa uzamivu alikuwa ametengeneza kampaundi mpya ya platinamu. Ilikuwa na kloridi mbili kama sisplatini, lakini badala ya amonia mbili ilibeba amini kubwa yenye pete za kaboni. Swali lake lilikuwa fupi: je, inashika protini mahali pale pale na kwa namna ile ile kama sisplatini?

Swali hilo lina uzito. Shabaha inayotajwa zaidi ya sisplatini ni DNA, lakini dawa ikishaingia kwenye mshipa hukutana na protini kwanza. Ndani ya saa chache zaidi ya asilimia 90 ya platinamu iliyomo kwenye plazima huwa imeshikwa na protini, hasa albumini, na iliyoshikwa hivyo haiachiliwi kirahisi. Kinachofika kwenye uvimbe, na sehemu ya madhara yanayompata mgonjwa, hutegemea mshiko huo.

Protini ya majaribio ilikuwa lisozimu ya ute wa yai la kuku. Haina uhusiano wowote na saratani. Inapendwa kwa sababu ni rahisi kupatikana, huota fuwele bila ubishi, na ni ndogo: asidi amino 129, masi ya daltoni 14,305 (daltoni moja ni takriban masi ya atomi moja ya haidrojeni). Kati ya asidi amino hizo histidini ni moja tu, nambari 15 kwenye mnyororo, iliyo karibu na uso wa protini. Methionini ni mbili, nambari 12 na 105, na hazijitokezi nje vizuri. Sisteini zake nane zote zimefungana mbili mbili, kwa hiyo hakuna salfa ya sisteini iliyo huru. Platinamu hupenda salfa na naitrojeni ya histidini. Hapa salfa iko mafichoni, basi histidini 15 ndiyo mlango unaotazamiwa.

Jambo moja la kushika kabla ya kuendelea: platinamu ya aina hii ina mikono minne, yote katika bapa moja. Kwenye sisplatini mikono miwili jirani imeshika amonia na miwili imeshika kloridi. Kloridi ndiyo hutoka, maji huingia mahali pake, kisha maji huipisha protini. Penye kloridi nyingi, kama kwenye damu (milimola 100 hivi kwa lita), hatua ya kwanza hubanwa. Penye kloridi kidogo, kama ndani ya seli, hufunguka. Mikono ni minne tu, haiwi mitano. Kisa chote kimesimama juu ya hesabu hiyo.

Kilichofanyika mwanzoni

Kampaundi mpya haikuyeyuka kwenye maji. Mwanafunzi aliiyeyusha kwenye dimethili salfoksaidi, yaani DMSO, kiyeyushi kilicho kwenye rafu ya karibu kila maabara. Ili ulinganisho uwe wa haki, sisplatini nayo ikayeyushwa humo humo. Uamuzi huu ulijadiliwa na msimamizi na ukakubaliwa kwa hoja inayosikika vizuri: vitu viwili vinavyolinganishwa vitendewe sawa.

Myeyusho mama wa kila kampaundi ulikuwa milimola 30 kwa lita. Kwa sisplatini hiyo ni miligramu 9 kwa mililita. Uligawanywa kwenye vichupa na kuwekwa friza kwa nyuzi −20. Kila siku ya jaribio kichupa kilitolewa, kikayeyuka (DMSO huganda chini ya nyuzi 18.5, hata kwenye friji ya kawaida), kikatumika, kikarudishwa.

Lisozimu iliandaliwa kwa mkolezo wa mikromola 100, yaani miligramu 1.43 kwa mililita, ndani ya bafa (myeyusho unaotunza pH) ya amonia asetati ya milimola 20, pH 6.8. Bafa hiyo ilichaguliwa kwa kuwa hupotea yote kama mvuke ndani ya spektrometa ya masi, chombo kinachopima masi ya molekuli na kuionyesha kama vilele, haiachi chumvi. Mikrolita 10 za myeyusho mama ziliongezwa kwenye mikrolita 990 za protini. Platinamu ikawa mikromola 300, tatu kwa kila protini moja, na DMSO asilimia 1. Mirija ilikaa gizani, nyuzi 37, saa 72. Kisha platinamu isiyoshikwa iliondolewa kwa chujio la kilodaltoni 3, linalozuia molekuli za zaidi ya daltoni 3,000 hivi. Chujio la 10 lingekuwa kubwa mno kwa protini ya 14, ingevuja. Sampuli zikapelekwa kwenye spektrometa ya masi ya kitengo kingine.

Vilindaji, yaani sampuli za kulinganishia, vilikuwa viwili: lisozimu peke yake, na lisozimu yenye DMSO asilimia 1 bila metali. Vyote viwili vilitoa kilele safi cha 14,305 na kijilele cha sodiamu cha 14,327. DMSO ikahesabiwa kuwa haina hatia.

Wakati huo huo kampaundi zilijaribiwa kwenye seli za saratani. Sisplatini ilihitaji dozi kubwa kuliko ile ambayo maabara hiyo hiyo ilikuwa imeipata miaka ya nyuma ilipotumia maji ya chumvi. Lawama ziliangukia seli: zimezeeka, zimepitishwa vizazi vingi. Zikaagizwa mpya.

Namba zilizokubali kila kitu

Sisplatini ilitoa vilele vitatu: 14,305 ya protini tupu, 14,593 na 14,610.

Kwa kawaida lisozimu iliyokaa na sisplatini ndani ya maji huonyesha mizigo inayojulikana, yaani vipande vilivyonata kwenye protini na kuiongezea masi. Ili kuihesabu, jumlisha masi ya kipande cha platinamu, kisha toa protoni kulingana na chaji yake, kwa sababu programu inayogeuza chaji kuwa masi hudhani kila chaji imetokana na protoni. Platinamu na amonia mbili ni 229.1, ina chaji mbili, toa 2, unabaki na 227. Kwa hiyo:

- platinamu na amonia mbili: 14,532
- hiyo pamoja na maji: 14,550
- hiyo pamoja na kloridi, yenye chaji moja: 14,569

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoonekana. Hapa ndipo kazi ilipaswa kusimama. Haikusimama, kwa kuwa mwanafunzi alipata maelezo mengine, na maelezo hayo kwenye karatasi yalikuwa mazuri ajabu. Platinamu na amonia mbili, pamoja na asetati kutoka kwenye bafa: 14,592. Ongeza maji, 18: 14,610. Vilele viwili, maelezo mamoja, na bafa yenyewe ni ya asetati.

Sasa tazama upande wa pili. DMSO ina masi ya 78.13. Asidi asetiki na maji, 60.05 na 18.02, ni 78.07. Tofauti ni sehemu sita za mia za daltoni. Kwenye protini ya daltoni elfu kumi na nne, chombo cha kawaida hakiwezi kuzitenganisha. Platinamu yenye amonia mbili na DMSO moja: 14,610. Ikipoteza amonia moja: 14,593. Asetati ilidai 14,592, ripoti ilisema 14,593, na daltoni moja ilipita kama kosa la upimaji.

Masi peke yake haikuweza kuamua. Mikono ingeweza. Ikiwa platinamu imeshika amonia mbili na histidini moja, umebaki mkono mmoja. Asetati ikiuchukua, maji hayana pa kushika. Maji ya kawaida yanayoning'inia kwenye protini bila kushikwa na metali hupukutika ndani ya spektrometa. Hayawezi kutoa kilele kikubwa, thabiti, kinachorudi kila mara. Fomula ya 14,610 iliyoandikwa kwenye rasimu ya makala ilikuwa na platinamu ya mikono mitano. Rasimu ilipita mikononi mwa watu watatu, na hakuna aliyehesabu mikono.

Kampaundi mpya nayo ilionyesha mzigo uliozidi kwa 78. Hitimisho la rasimu: zote mbili hushika lisozimu kwa njia moja, na zote hubeba asetati. Ufanano ule ulikuwa kweli, ila ulitoka kwenye chupa ya kiyeyushi.

Jaribio lililoamua

Shaka ilitoka kwa fundi wa spektrometa ya masi. Katika sampuli moja ambayo haikuchujwa vizuri aliona, chini kabisa kwenye masi ndogo, kundi la vilele karibu na 343. Platinamu hutambulika kwa sura: isotopu zake 194, 195 na 196 hutoa vilele vitatu virefu vinavyokaribiana kimo. Ioni ya platinamu yenye amonia mbili, kloridi moja na DMSO moja ina masi ya 342.7. Sisplatini yenyewe ni 300.05.

Maabara ilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kubadilisha bafa. Ilikataliwa kwa kuwa bafa nyingi zina matatizo yake: Tris hushika platinamu kwa naitrojeni yake, fosfeti na kaboneti nazo hujiingiza, na kilele kikibadilika usingejua nani amekibadilisha. Ya pili ilikuwa kupima myeyusho mama kwa NMR (mbinu ya sumaku inayoonyesha kilichoizunguka atomi) ya platinamu-195. Sisplatini huonekana karibu na −2,100 ppm, na ikishapokea DMSO huhamia karibu na −3,140. Umbali huo ni mkubwa kiasi cha kutoacha ubishi. Hii ilifanyika baadaye.

Ya tatu ndiyo iliyofanywa kwanza, na ilikuwa ya bei rahisi kuliko zote. Kila maabara ya NMR ina vichupa vya DMSO nzito, ambayo haidrojeni zake sita zimebadilishwa kwa dutiriamu, yaani haidrojeni nzito. Masi yake ni 84.17. Mwanafunzi alirudia jaribio lile lile, bafa ile ile ya asetati, na kitu kimoja tu kilichobadilika: sisplatini iliyeyushwa kwenye DMSO nzito. Kama mzigo ni asetati na maji, vilele vibaki palepale. Kama ni DMSO, visogee kwa sita.

Vilisogea. 14,610 ikawa 14,616, na 14,593 ikawa 14,599. Cha pili ndicho kilichofunga mjadala, kwani kilionyesha pia kwamba amonia moja ilikuwa imeng'oka. Salfa ya DMSO ina nguvu kubwa ya kulegeza kilicho upande wa pili wa platinamu, na kinachokaa upande huo ni amonia. Sisplatini, ambayo amonia zake mbili ndizo zinazotarajiwa kubaki hadi mwisho, ilikuwa ikizipoteza.

NMR ilithibitisha: myeyusho mama uliokaa wiki tatu haukuwa na sisplatini ya kuonekana. Friza haikuwa imeokoa kitu. Kwa joto la chumba saa chache hutosha kugeuza sehemu kubwa, na kila kichupa kilikuwa kimeshatolewa na kurudishwa mara nyingi.

Kurudia kazi

Sisplatini sasa iliyeyushwa kwenye maji safi: miligramu 1.8 kwa mililita 2, sawa na milimola 3. Inachukua muda. Mirija ilizungushwa kwa nyuzi 37, gizani, karibu saa moja, hadi punje za njano zilipokwisha. Mara ya kwanza mwanafunzi aliandaa myeyusho jioni na kuuweka friji. Asubuhi akakuta punje zimerudi chini ya mrija. Sisplatini kwenye mkolezo huo haipendi baridi, na mtu akipipeti juu juu bila kutazama huchota dozi asiyoijua. Kuanzia hapo uliandaliwa siku ile ile na kutumika ndani ya saa moja. Hilo lina sababu nyingine: kwenye maji matupu, bila kloridi, dawa huanza kubadilisha kloridi kwa maji, na kwa nyuzi 37 nusu yake hugeuka ndani ya saa mbili tatu hivi. Kwa jaribio la saa 72 hilo halina madhara makubwa, maana ndiyo njia yake hata hivyo. Kwa jaribio la kasi ya mshiko lingeharibu kila kitu. Kwa seli ilitumika chumvi ya asilimia 0.9, ambayo kloridi yake huizuia isigeuke kabla ya wakati.

Kampaundi mpya ilihamishiwa dimethili fomamaidi, DMF, ambayo haina salfa ya kushika platinamu. Haikuyeyuka vizuri kama kwenye DMSO. Mkolezo ulishuka hadi milimola 10, na ujazo wa kuongeza ukapanda hadi asilimia 3. Sisplatini yenye DMF ya kiasi hicho hicho iliongezwa kama kilindaji.

Fuwele

Kando ya spektrometa, fuwele za lisozimu zilipigwa eksirei ili kuona platinamu imekaa wapi. Sehemu hii ilikaribia kuzaa kosa jipya. Fuwele za kwanza, zilizoloweshwa kwenye sisplatini ya DMSO, zilionyesha metali kwenye naitrojeni zote mbili za histidini 15. Kundi la Manchester lilichapisha mwaka 2012 hali inayofanana: ndani ya DMSO platinamu huonekana kwenye histidini hiyo, ndani ya maji kwa muda mfupi haionekani. Mwanafunzi alipolowesha fuwele mpya kwenye sisplatini ya maji kwa siku nne, hakuona kitu. Akaandika kwamba sisplatini safi haishiki lisozimu, huku spektrometa ya masi ikiwa imekwisha onyesha 14,532 na 14,569.

Tofauti ilikuwa kwenye myeyusho wa kuoteshea fuwele. Lisozimu huoteshwa kwa kawaida kwenye asetati ya pH 4.7 yenye sodiamu kloridi karibu mola moja. Kloridi kiasi hicho ni mara kumi ya ile ya damu; kloridi ya dawa haitoki. Na kwenye pH 4.7 histidini 15, ambayo hupoteza protoni karibu na pH 5.5, iko huru kwenye takriban protini moja kati ya saba. Iliyobaki imevaa protoni mahali pale pale ambapo platinamu ingeshika. DMSO haihitaji kusubiri maji yaingie kwanza, ndiyo maana yenyewe ilifua dafu.

Walibadilisha mpangilio: protini ikae na dawa kwanza, kwenye bafa isiyo na kloridi, kisha ndiyo iwekwe kuota fuwele, na naitreti ikachukua nafasi ya kloridi. Data zilichukuliwa kwa eksirei ya angstromu 1.07, pembezoni mwa ukingo wa platinamu, yaani pale platinamu inapoanza kunyonya eksirei kwa nguvu, ambapo metali hiyo hung'ara kuliko atomi nyingine yoyote iliyomo. Kilele kilikuwepo kwenye histidini 15, upande mmoja. Amonia na kloridi ziliwekwa kwenye modeli pale tu ramani ya elektroni inayotokana na eksirei ilipozionyesha. Kwenye modeli ya zamani zilikuwa zimewekwa kwa imani, kila platinamu ikiwa na mikono minne iliyojaa, ilhali ramani ilionyesha metali na ukungu.

Matokeo

Vilele vya 14,532, 14,550 na 14,569 vilionekana kwenye sisplatini ya maji, na ya DMF ikatoa vivyo hivyo. Kilele cha 14,592, asetati ya kweli, kilikuwepo pia, kidogo sana. Kwa hiyo wazo la mwanafunzi halikuwa la kipuuzi. Lilikuwa jibu la jaribio jingine. Kwenye seli sisplatini ilirudi kwenye dozi za zamani za maabara. Seli mpya zilizoagizwa hazikuwa na kazi. Sura nzima ya tasnifu iliandikwa upya, na rasimu ya makala ikaondolewa kabla haijatumwa. Hasara ilikuwa karibu miezi minne.

Uchambuzi

Kosa la kiyeyushi linajulikana na limeandikwa mara nyingi. Si hilo la kulikalia sana. Linalofaa kutazamwa ni kwa nini maabara yenye watu wazoefu haikuliona.

Kilindaji kilikuwa kimekosea jozi. Protini na DMSO bila metali ni swali la kama DMSO hunata kwenye protini. Hainati. Swali lililokuwa mezani lilikuwa kama DMSO hunata kwenye metali, na kwa hilo ulihitajika mrija wenye metali bila DMSO. Mrija huo haukuwepo kwa sababu kampaundi mpya haikuyeyuka bila DMSO. Lakini sisplatini ingeyeyuka. Kuzitendea sawa kampaundi mbili kuliondoa jibu pekee lililokuwa tayari linajulikana, na ndilo lingepiga kengele siku ya kwanza. Ulinganisho ulihitaji sisplatini mbili: moja kwenye maji, moja kwenye kiyeyushi cha mgeni.

Dalili ya kwanza ilitoka kwenye seli, si kwenye protini, na ilisomwa na mtu mwingine katika chumba kingine. Dozi iliyopanda bila sababu kwenye dawa ya kulinganishia ni habari kuhusu dawa kabla ya kuwa habari kuhusu seli.

Kilichofanya kazi: fundi alipewa sampuli na historia yake, akajua DMSO ilikuwemo. Sampuli nyingi hupelekwa zikiwa na namba tu. Chujio baya lilisaidia pia, jambo ambalo halipaswi kupangwa, ila kupima kile kinachopita kwenye chujio, siyo kinachobaki tu, kunaweza kupangwa. Tangu hapo maji ya chujio ya kila sampuli hupimwa kwenye masi kati ya 200 na 500.

Albumini haikuguswa katika kisa hiki, na ingeleta ugumu wake: sisteini nambari 34 iliyo huru, methionini sita, histidini 16, masi ya zaidi ya daltoni 66,000 ambako tofauti ya 78 huonekana kwa shida. Anayepitia njia hiyo asiongeze kemikali zenye salfa kama DTT au merkaptoethanoli ili kutunza sisteini, kwani salfa zake huivua platinamu kutoka kwenye histidini na kuibeba zenyewe. EDTA, kemikali inayokamata metali, nayo iachwe nje ya bafa.

Kampaundi mpya, ndani ya DMF, ilishika lisozimu ikiwa na amini yake kamili na bila 78. Fuwele zake hazikutoa metali ya kuaminika. Jedwali la tasnifu lina nafasi mbili zilizoachwa tupu mahali hapo.